Corolla ya zamani inapiga staata bila kuwaka, kesho inawaka kama haijawahi kuumwa: nilivyoupata ugonjwa kwenye mfumo wa mafuta

Mwenye AE100 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Uzi huu nimeuchelewesha makusudi. Nilitaka gari likae kimya miezi mitatu kwanza, nisije nikawapa dawa ambayo mimi mwenyewe sijaithibitisha. Miezi imetimia, naandika yote.

Gari ni Toyota Corolla AE100 ya 1993, injini 5A-FE ya petroli, gia za mkono. Naishi Morogoro na kila baada ya wiki mbili nashuka Dar. Tatizo lilikuwa hivi: staata inazungusha injini vizuri, betri ina nguvu, lakini gari haliwaki. Unapiga sekunde nane, unapumzika, unapiga tena, mara linawaka na kutulia. Halafu siku tatu mfululizo linawaka kwa mguso mmoja. Ukilipeleka gereji linawaka kila fundi anapogusa ufunguo, na unaondoka bila jibu.

Siku iliyoniuma zaidi ilikuwa Chalinze. Nilikuwa na mama, tumesimama kupata chai, dakika ishirini hivi, jua la saa saba mchana. Kurudi, gari limegoma. Nilipiga staata hadi betri ikachoka, vijana wakatusukuma ndipo likawaka. Mama alikaa kimya mpaka tunakaribia Kibaha, kisha akaniuliza kwa upole kama siku ya kurudi tutapanda basi. Hapo ndipo nilipoamua kwamba sitanunua kifaa kingine chochote kabla ya kujua ugonjwa ni upi.

Maana nilikwishanunua vingi. Gereji ya kwanza walibadilisha plagi na waya zake. Ya pili wakasema betri. Ya tatu wakafungua tangi na kuweka pampu mpya ya mafuta. Baada ya pampu gari lilitulia wiki tatu, nikashukuru Mungu, kisha tatizo likarudi baya kuliko mwanzo. Ikumbukeni hiyo pampu, tutaifikia.

Kilichonifungua macho ni daftari la shule la kurasa 40, nililiweka kwenye mlango wa dereva. Kila nilipowasha gari niliandika: saa, gari limekaa muda gani tangu lizimwe, tangi lina mafuta kiasi gani, lilikuwa juani au kivulini, na lilivyogoma. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. "Halikuwaka" ni neno pana mno. Je, halikushika kabisa? Au lilishika, nikaachia ufunguo, likazima? Wiki sita baadaye nilisoma kurasa zile nikaona nina magonjwa mawili tofauti ndani ya gari moja, na kila fundi alikuwa anakutana na moja kati ya hayo kwa bahati.

Ugonjwa wa kwanza: gari likizimwa likiwa na moto, likakaa kati ya dakika 15 na 40, halishiki mpaka upige staata muda mrefu. Likikaa saa mbili linawaka. Asubuhi linachelewa kidogo tu, sekunde tatu au nne.

Ugonjwa wa pili: linashika mara moja, lakini ufunguo ukirudi kutoka staata linazima papo hapo. Huu ulikuja zaidi likiwa limeegeshwa juani, vioo vimefungwa.

Nitaendelea na vipimo. Wenye maoni karibuni.

Kijana wa Gerezani

Mkuu, hiyo ni pampu tu, tena uliwekewa feki. Washa swichi bila kupiga staata, usikilize nyuma. Ukisikia kimya, pampu imekufa.

Mwenye AE100

Asante mkuu, ila hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu ushauri huu huu ndio ulionifanya ninunue ile pampu. Kwenye magari mengi ya kisasa, ukiwasha swichi pampu inanguruma sekunde mbili kisha inanyamaza. Toyota nyingi za miaka ya gari langu hazifanyi hivyo. Pampu inapata umeme staata inapozunguka au injini ikiwa inatembea, basi. Kimya kwenye swichi ni hali yake ya kawaida.

Kuna njia ya kuiita pampu bila kuzungusha injini. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fungua, upande wa ndani wa kifuniko utaona ramani ya matundu. Tafuta FP na +B, unganisha hayo mawili kwa kipande cha waya, kisha washa swichi. Pampu itafanya kazi mfululizo. Shika mpira wa mafuta karibu na chujio utausikia unakakamaa, na ukitega sikio kwenye reli ya nozeli (bomba linalolisha nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini) utasikia mafuta yanapita kurudi tangini. Angalieni msikosee tundu. Ukigusisha +B na E1 umepiga shoti, maana E1 ni bodi ya gari, yaani negativu.

Waya huo ulinipa jibu la kwanza bila senti tano. Siku gari lilipogoma likiwa la moto, niliunganisha FP na +B sekunde kumi, nikatoa waya, nikapiga staata. Likawaka papo hapo. Nilirudia siku nne tofauti, majibu yale yale. Maana yake cheche zipo na nozeli zinafunguka. Kinachokosekana ni presha kwenye reli wakati ninapoanza kupiga staata.

Mdau wa Ubungo

Sasa presha inakwenda wapi wakati gari limezimwa? Na kwa nini likipoa linawaka wakati presha bado haipo?

Mwenye AE100

Swali zuri mkuu, na ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa.

Mafuta yanatoka kwa pampu iliyozama tangini, yanapita kwenye chujio, yanaingia kwenye reli inayolisha nozeli nne. Mwisho wa reli kuna regyuleta inayoshikilia presha na kuruhusu ziada irudi tangini. Ukizima gari, presha haitakiwi kuondoka mara moja. Ndani ya pampu kuna vali ndogo ya kuzuia mafuta yasirudi, regyuleta inafunga upande wa pili, na nozeli zote zimefungwa. Mafuta yanabaki yamebanwa katikati.

Sasa fikiria joto. Injini ikizimwa, maji hayazunguki tena na upepo wa mwendo umekatika, lakini chuma bado ni cha moto. Kwa hiyo chini ya boneti joto linapanda kwanza kabla ya kushuka. Petroli ikiwa imebanwa haichemki kirahisi. Ikikosa presha inageuka mvuke humo humo kwenye reli, na nozeli zikifunguka zinapuliza mvuke badala ya mafuta. Lazima upige staata mpaka pampu isukume mvuke wote urudi tangini na petroli ifike.

Gari likipoa, presha haipo lakini petroli imebaki majimaji. Pampu inahitaji sekunde chache tu kuibana upya. Ndiyo maana asubuhi lilichelewa kidogo, na Chalinze likagoma kabisa. Ni tundu lile lile, ila joto lilibadilisha ukali wake.

Yapo mambo matatu yanayoweza kuvujisha hiyo presha: upande wa pampu, regyuleta, au nozeli inayodondosha. Kuyatofautisha kunahitaji geji.

Kijana wa Gerezani

Nimekupata mkuu. Geji unaifunga wapi, na inatakiwa isome ngapi?

Mwenye AE100

Kwanza usalama, na hapa nasema kwa msisitizo. Petroli inayoruka kwa presha juu ya ekzosi ya moto inateketeza gari na mtu. Subiri injini ipoe, toa negativu ya betri, weka kitambaa juu ya boliti kabla ya kuilegeza, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na pasiwe na sigara wala jiko la mama lishe jirani.

Nilifunga geji kwenye chujio la mafuta chini ya boneti, pale penye boliti yenye tundu na washa (pete bapa) mbili za shaba. Washa ziwe mpya, za zamani zitakuvujia. Ukishafunga, rudisha betri, ita pampu kwa ule waya, na kagua kila ungio kwa macho kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa ukoo huu wa injini, 4A-FE na 5A-FE, vipimo vya Toyota ni hivi: presha iwe kati ya psi 38 na 44 kimpira cha hewa cha regyuleta kikiwa kimechomolewa, na ukikirudisha injini ikiwa sailensi (inatembea bila kukanyaga mafuta) ishuke hadi kwenye 30 na ushee. Ukizima, baada ya dakika 5 isiwe chini ya psi 21.

Langu lilisoma 41. Nzuri kabisa, ndiyo maana barabarani lilikuwa na nguvu. Nikazima. Baada ya dakika 5 geji ilikuwa kwenye 9.

Sasa kubana. Kuna mipira miwili ya kubana, wa kurudisha mafuta na wa kuleta mafuta. Bana mpira tu, usithubutu kubana bomba la chuma wala la plastiki, na funga kitambaa kwenye meno ya koleo usiukate. Nilijenga presha upya, nikazima pampu na hapo hapo nikabana mpira wa kurudisha. Sindano iliendelea kushuka vile vile, kwa hiyo regyuleta haina kosa. Nikajenga tena, nikazima, nikabana mpira wa kuleta. Geji lazima iwe upande wa injini wa pale unapobana, vinginevyo unapima kitu kingine. Safari hii sindano ilikaa: dakika 5, psi 36. Nozeli nazo zikatoka kwenye mashtaka, maana zingekuwa zinadondosha, presha ingeshuka hata nikibana.

Tundu liko nyuma, kuelekea tangini. Kwenye pampu mpya.

Nikanyanyua kiti cha nyuma, nikafungua kifuniko, nikatoa pampu. Nilikuwa tayari kulaumu vali ya pampu. Kumbe pampu ni nzima. Ndani ya tangi kuna kipande kifupi cha mpira, urefu wa kidole, kinachounganisha mdomo wa pampu na bomba la kutokea. Kilikuwa kimevimba, kimelegea kama kimechemshwa, na upande wa chini penye klipu kuna ufa. Pampu ikitembea inasukuma mafuta mengi kuliko yanayovuja, presha inatosha. Ikisimama, mafuta yanarudi tangini kupitia ule ufa.

Fundi aliyeweka pampu alitumia mpira wa kawaida wa mafuta. Simchukii, yeye aliona mpira wa mafuta ni mpira wa mafuta. Lakini mpira wa kawaida umetengenezwa kuvumilia petroli kwa ndani tu, huku nje ukipigwa na hewa. Ukiuzamisha, petroli inaula pande zote mbili. Wa kuzamishwa umeandikwa SAE J30R10 ubavuni. Ni ghali, na wauzaji wengine watakuambia hakuna tofauti. Msikubali. Kile kipande cha urefu wa kidole ndicho kilichonilaza njiani mara tatu. Pampu ya kwanza, kwa ninavyoamini sasa, haikuwa mbaya kiasi cha kutupwa. Ugonjwa wa mwanzo huenda ulikuwa ule wa pili peke yake.

Mzee wa Dizeli

Vijana, mmeeleza vizuri. Mimi nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Asubuhi napiga sana, lakini nikibonyeza pampu ya mkono pale juu ya chujio mara kumi na tano inawaka bila shida. Je, ni hayo hayo?

Mwenye AE100

Shikamoo mzee wangu. Ni ndugu yake. Kwako kinachoingia ni hewa: mafuta yanarudi tangini usiku na hewa inachukua nafasi yake kupitia ungio lililolegea au mpira uliochakaa. Lile la mara kumi na tano ni ushahidi tayari. Weka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani kati ya chujio na pampu ya nozeli, uone kama kuna mapovu injini ikitembea. Ukiyaona, rudi nyuma ungio moja moja kuelekea tangini. Usikubali wafungue pampu ya nozeli kabla ya hapo, hiyo ni pesa nyingi. Na kama pampu ya mkono haibadilishi kitu, angalia plagi za joto.

Mdau wa Ubungo

Na lile la kuzima ukiachia ufunguo?

Mwenye AE100

Hilo ni umeme wa pampu, na huwa linafuatwa vibaya kwa sababu watu wanakimbilia swichi ya ufunguo. Kwenye Toyota nyingi za wakati ule rilei ya pampu (swichi inayowashwa kwa umeme) ina koili mbili. Moja inapewa umeme na mstari wa staata: unapopiga staata, pampu inafanya kazi. Ya pili inashikwa na kontrol boksi (kompyuta ya injini), na kontrol boksi inaishika tu ikiona injini inazunguka, kwa ishara inayotoka kwenye distribyuta (kigawa cheche). Koili ya pili au njia yake ikikatika, gari linawaka ukiwa umeshikilia ufunguo na kuzima ukiuachia. Dalili inakusomea ramani yenyewe.

Siku liliponifanyia hivyo niliweka waya wangu kati ya FP na +B, likawaka na kubaki linatembea. Nikatoa waya, likazima. Kwa hiyo pampu nzima na swichi nzima. Kwenye gari langu rilei iko katikati chini ya dashibodi, jirani na kontrol boksi. Niliigonga kwa mpini wa bisibisi gari likashika. Niliifungua, nikaangalia kwa kioo cha kukuza: mguu mmoja una duara jembamba jeusi kuuzunguka pale ulipochomelewa kwa risasi. Ule ni ufa. Jua likipasha dashibodi chuma kinatanuka, ufa unafunguka. Fundi redio alichomelea upya kwa dakika kumi, na baadaye nikatafuta rilei nyingine nzima nikaiweka.

Ila kabla ya kulaumu rilei, hakikisheni ishara ya distribyuta ipo. Unganisheni TE1 na E1 kwenye kiboksi kile kile, washeni swichi, mhesabu taa ya injini inavyopepesa. Namba 12 inasema kontrol boksi haioni injini ikizunguka. Namba 14 ni cheche. Namba 22 ni sensa ya joto la maji. Langu halikuwa na namba yoyote, na msikate tamaa mkikuta hivyo, kwa sababu presha ya mafuta haina sensa kwenye gari hili. Kompyuta haiwezi kulalamikia kitu isichokiona.

Mkulima wa Mlandizi

Mimi nahisi mengine ni mafuta yenyewe. Yanachanganywa na mafuta ya taa.

Mwenye AE100

Ilikuwepo sana, na ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta mwaka 2010, na 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kuchanganya kusilipe. Ukishuku, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka bila kuacha kitu, mafuta ya taa yanaacha doa. Weka mengine kwenye chupa ya kioo usiku mmoja, maji yatakaa chini. Lakini mafuta mabaya yanaonekana hata barabarani, gari linamisi na kukosa nguvu. Likitembea vizuri na kugoma kuwaka tu, tafuteni kwingine kwanza.

Na tusitembee na taa ya mafuta inawaka kila siku. Pampu ya tangini inapozwa na mafuta yanayoizunguka.

Dada wa Spacio

Kaka, yangu ni Spacio AE111 yenye 4A-FE. Inagoma asubuhi, ikiwaka inatoa moshi mweusi na harufu ya petroli, baada ya dakika moja inatulia. Nimebadilisha plagi mara mbili, zinatoka nyeusi.

Mwenye AE100

Dada, kwako ni kinyume cha kwangu, petroli inaingia kupita kiasi. Anza na cha bure: chomoa kile kimpira cha hewa kwenye regyuleta, ukiangalie ndani na kukinusa. Kinatakiwa kiwe kikavu. Kikiwa na petroli, ngozi ya ndani ya regyuleta imepasuka na injini inanyonya mafuta kupitia hapo. Kikiwa kikavu, pima sensa ya joto la maji kwa mita: ikiwa na nyuzi 20 isome ohm 2,000 hadi 3,000, ikiwa na nyuzi 80 isome 200 hadi 400. Sensa iliyokufa inaweza kuiambia kontrol boksi kuwa kuna baridi kali, nayo ikamwaga mafuta. Ikiwa nzima nayo, basi nozeli inadondosha usiku. Fanya kipimo cha kubana.

Dada wa Spacio

Nimerudi baada ya siku mbili. Kimpira kimelowa, kimetiririka petroli mkononi kwangu. Fundi ameweka regyuleta nyingine, leo asubuhi imewaka mara moja bila moshi.

Mwenye AE100

Nimefurahi sana dada. Sasa usiiendeshe mbali kabla ya jambo moja. Vuta kijiti cha oili, kinuse. Petroli iliyokuwa inaingia usiku na mchana inapita kwenye ringi na kushuka chini, oili inakuwa nyepesi na beringi zinakosa ulinzi. Ikinuka petroli au kiwango kimepanda juu ya alama, mwaga oili leo leo na ubadilishe chujio lake.

Dada wa Spacio

Imepanda juu ya alama, na inanuka. Nakwenda kuimwaga sasa hivi.